Utani Ulioingia Kwenye Faili

Kama ungepita asubuhi Kariakoo, upande ule unaoelekea Mchafukoge wanakouza uzi, zipu na vifungo, ungeapa kwamba Theopista Silayo na Ismail Msangi wana ugomvi wa tangu utotoni. Mama wa watu hajamaliza kufungua kufuli la pili, tayari ameshachokozwa.

"Mkenya! Umeamkaje? Pasipoti leo umebeba au umesahau tena?"

"Nyamaza wewe Mpare. Kamalizie makande ya juzi, najua hujayamwaga."

"Nimwage chakula, mimi nina kichaa?"

Hapo wote wawili huangua kicheko, Ismail akavuta meza yake ya kutengenezea cherehani hadi ukingoni mwa baraza, Theopista akatundika zipu zake za rangi zote, na siku ikaanza. Fundi mwenye cherehani mbovu alikwenda kwa Ismail, na akiwa anasubiri alinunua uzi kwa Theopista. Walifanya kazi hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Theopista ni Mchaga wa Rombo, mpakani na Kenya, ndiyo maana ya lile Mkenya, na Ismail ni Mpare wa Usangi, na Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukuambia lolote mbele ya yeyote, hata msibani, na wewe una ruhusa ya kumrudishia. Kisichoruhusiwa ni kununa. Ukinuna umejiaibisha wewe na ukoo wako.

Theopista hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa mtu wa kushukuru, tena kwa sauti, mpaka wengine walimwona amezidi. Mwaka 2003 aliteremka stendi akiwa mjane wa miaka thelathini na mitano, ana mtoto wa miaka minne, Gaudens, na mfuko mmoja wa vifungo. Alizunguka Kariakoo siku mbili akifukuzwa kila baraza. Siku ya tatu Ismail alimtazama, akamuuliza kwao, akasikia Rombo, akasogeza meza yake kwa urefu wa mkono. "Kaa hapa, Mchaga. Lakini vifungo vyangu vya shati nimevihesabu." Kwa huo urefu wa mkono Gaudens alisoma, na sasa ni muuguzi Dodoma. Theopista hakuwahi kusahau, na kila Jumapili kanisani alimtaja Ismail kabla ya ndugu zake wa damu.

Ila lile neno la kila asubuhi, Mkenya, lilikuwa na jambo ambalo mtaa mzima haukulijua. Lilikuwa kweli. Au ndivyo Theopista alivyoamini.

Mama yake alikuwa mwanamke wa Holili, kule Rombo mpakani, na kama wanawake wengi wa Holili alibeba ndizi kichwani kwenda kuuza soko la Taveta, upande wa Kenya. Jumamosi moja ya mwaka 1968 uchungu ulimkuta sokoni. Mwanamke wa Kitaita aliyekuwa akiuza nyanya alimwingiza nyumbani kwake, na Theopista akazaliwa huko. Jumatatu yake mama alirudi na mtoto mgongoni, hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuja mwaka 1977, mpaka ulipofungwa. Theopista alikuwa na miaka tisa. Askari walijaa, watu wakawa wanaulizwa maswali njiani, na mama yake akamkalisha jikoni akamshika mashavu yote mawili. "Ukiulizwa, umezaliwa hapa, kwenye nyumba hii. Umesikia? Hata ukiwa mzee." Mpaka ulifunguliwa miaka sita baadaye, lakini mama hakuifuta ile kauli, na sasa yuko kaburini nayo. Theopista alijaza kila fomu ya maisha yake hivyo. Kwenye leseni, kwenye kitambulisho cha taifa, mahali pa kuzaliwa aliandika Rombo kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara mkono ulikuwa mzito.

Basi mwaka huu ukaja muswada.

Ulikuwa muswada wa sheria ya kuwabana wahamiaji haramu, na Kariakoo ilichanika katikati kama kitenge. Hamis, muuza mikanda na mikoba wa duka la kona, aliuunga mkono kwa mikono miwili. "Anakuja mtu na viza ya kutembea," alisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Wiki ya pili ana fremu ya duka, anauza rejareja kwa bei ninayonunulia mimi jumla. Mimi nina leseni, nina kodi, nina watoto wanne. Niende wapi? Nihamie baharini?" Bi Anifa, mwenye ile nyumba ya ghorofa mbili ambayo Theopista na Ismail walipanga fremu ya chini na baraza lake, aliupinga. Yeye alikwama kwenye kifungu cha kumi na moja, kilichosema kila mwenye nyumba, kila mfanyabiashara na kila kiongozi wa mtaa anayemjua au kumshuku mtu asiye na uraia wala kibali amripoti ndani ya siku saba, la sivyo atashtakiwa yeye. "Wapangaji wangu wananiita bibi," alisema Bi Anifa. "Leo nianze kuwachungulia madirishani?"

Hamis alikuwa na haki, na Bi Anifa alikuwa na haki, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ni rahisi kubishana na mjinga. Wale wawili hawakuwa wajinga hata kidogo, na kila aliyewasikiliza alitoka akikubaliana na aliyemsikia mwisho. Theopista hakutoa maoni. Alipima lastiki, akakata, akafunga, na kila neno "ripoti" lilipotajwa alianza kupima upya.

Jumatano kamati ya kukusanya maoni ikaja, ikakaa kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja. Watu walifurika. Feni tatu kati ya sita zilikuwa zimekufa, na joto liliwapanda watu kichwani. Kufikia saa tano Hamis na Bi Anifa walikuwa wananyoosheana vidole, mwenyekiti anagonga meza na hakuna anayemsikia. Ismail hakuweza kuvumilia ugomvi mahali penye maikrofoni. Akaenda mbele, akaikamata.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi siku saba sizihitaji. Naripoti leo leo. Yule mama pale mwenye kitenge cha kijani, Theopista Silayo, muuza zipu, ni Mkenya. Aliingia kinyemela, mkungu wa ndizi kichwani. Nimemficha miaka ishirini na miwili, nimechoka. Mchukueni tupumue!"

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Lucky, kijana karani wa kamati aliyekuwa akiandika kwenye kompyuta, alicheka huku vidole vinakimbia. Theopista aliinuka kama kawaida. "Na huyo mnayemsikiliza mpimeni kwanza, makande yamempanda kichwani!" Vicheko vikaongezeka, Hamis na Bi Anifa wakajikuta wanacheka bega kwa bega, na kikao kikaendelea kwa adabu hadi mwisho. Njiani wote walimsifu Ismail. Theopista mwenyewe alimnunulia maji ya kunywa, akamshukuru kwa kuokoa mkutano.

Ila Lucky alikuwa ameagizwa aandike kila neno, na kicheko hakina pa kuandikwa. Kumbukumbu zilikwenda zilikokwenda, zikafika mezani kwa mtu wa uhamiaji ambaye hakuwa ukumbini. Yeye alisoma kwamba ndugu Ismail Msangi, mfanyabiashara, alitoa taarifa mbele ya kamati kuhusu raia wa Kenya aliyeingia nchini kinyemela na kufichwa kwa miaka ishirini na miwili. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Alifanya kazi yake.

Ijumaa baada ya swala, mtendaji wa mtaa alifika barazani na barua. Ismail alikuwa anapaka cherehani mafuta. "Barua ya nani hiyo? Kama ni ya Mkenya nipe, mimi ndiye mlezi wake." Mtendaji hakucheka. Theopista alisoma kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi afike ofisi ya uhamiaji akiwa na uthibitisho wa uraia wake, pamoja na mahali pa kuzaliwa kwake na kwa wazazi wake. Alisoma mara mbili. Ismail alichungulia begani mwake, akaliona jina lake mwenyewe limeandikwa pale kama mtoa taarifa, na mkebe wa mafuta ukamponyoka.

"Lakini ule ulikuwa utani," alimwambia mtendaji. "Wewe mwenyewe ulikuwepo, ulicheka."

"Nilicheka, mzee. Ila barua imekuja."

Theopista aliikunja barua, akaitia kwenye boksi la zipu, akaanza kuteremsha bidhaa. Saa nane mchana, Ijumaa, siku ambayo mafundi hufurika kununua, duka likafungwa. Ismail alimwita mara tatu. Hakujibu, hakumtazama, hakurudisha hata neno moja la mzaha. Alinuna, na mtaa mzima ukamwona amenuna, na watu wakajua kwamba hapa pana kitu.

Vyumba vyake viwili vilikuwa upande wa Jangwani, juu kidogo, maji ya mvua yasipofika. Alikaa kitandani na kitambulisho mkononi. Hakumwogopa Ismail wala hakumchukia. Aliogopa lile neno moja, Rombo, kwa maandishi yake mwenyewe. Wakilivuta, alifikiri, litakuja na kila kitu: leseni, fremu, hata kazi ya Gaudens, maana mtoto wa mama mwongo naye ataulizwa. Na atarudishwa wapi? Taveta hakumjua mtu yeyote. Hata jina la yule mama wa nyanya hakuambiwa.

Jumamosi asubuhi mtu alibisha hodi.

"Nani?"

"Mpare."

Mlango ulibishwa tena, taratibu. Alipofungua alimkuta Ismail amevaa kanzu ya sikukuu, jasho linamtiririka, amekumbatia chungu cha maua kikubwa chenye mmea unaomfika kidevuni.

Wachaga wana jani linaloitwa sale. Hupandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, na makaburini, na lina kazi moja kubwa: aliyekosa akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, akalishika kwa mikono miwili, huwezi kumkatalia msamaha. Haijalishi alifanya nini. Wapare wanaijua desturi hiyo vizuri, ila hakuna Mpare aliyewahi kukubali kwamba anaijua.

"Nimezunguka bustani za barabarani tangu alfajiri," Ismail alisema akihema. "Nikataka jani moja, yule muuza maua akakataa, ama chungu kizima ama niondoke." Aliweka chungu chini, akachuma jani, akalifunga fundo kwa vidole vilivyozoea sindano na skrubu. Kisha alilinyoosha kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. "Mama Gaudens. Nimekosa. Nisamehe."

Miaka ishirini na miwili hakuwahi kumwita Mama Gaudens. Theopista alilitazama jani. Lilikuwa na mstari mpana wa njano katikati, limeng'aa kama limepakwa mafuta.

"Ismail. Hili si la kihambani. Hili ni la kupamba hoteli."

"Nilimuuliza lipi ni la kuomba radhi. Akaniambia yote yanaomba radhi, inategemea umemkosea nani."

Theopista alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka, na nyuma yake machozi. Alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akamkaribisha ndani, mlango ameuacha wazi kwa heshima. Na kwa kuwa amepokea sale, na kwa kuwa hakuwa amelala, alimwambia yote: soko, mama wa nyanya, jikoni mwaka 1977, fomu zote.

"Hukusema uongo, Ismail. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Ismail aliketi kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakuchoma."

"Mwanzoni ndiyo, uliniogopesha. Baadaye nikaona unanificha. Nani angeshuku jambo ambalo Mpare analitangaza barazani kila siku?" Alipangusa macho kwa upindo wa kitenge. "Nilikuwa nashukuru kimyakimya. Sikuweza kukwambia nashukuru nini."

"Twende kwa Najma," alisema Ismail, akavaa kofia.

Najma ni mjukuu wa Bi Anifa, wakili kijana mwenye ofisi ghorofani, juu ya duka la Theopista. Walimkuta anakunywa chai na kitumbua.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," alisema Theopista, na kabla hajakaribishwa kiti alianza kueleza. Najma alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Kisha akauliza kitu kidogo ambacho Theopista hakukitegemea.

"Mama, baba yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Mzee Aloyce Silayo. Wa Holili. Kazaliwa Holili, kafia Holili, kazikwa kihambani kwake."

"Na mama?"

"Holili, nyumba ya tatu kutoka kwa baba."

"Basi wewe ni raia. Raia kwa kurithi. Mtoto wa Mtanzania angezaliwa hata ndani ya ndege ni Mtanzania." Najma aliona hajaeleweka, akamshika mkono. "Mama yangu, Taveta haikukosesha kitu. Kinachokusumbua ni ile Rombo uliyoandika. Hiyo tutaisahihisha kwa kiapo, lakini uende ukaseme mwenyewe, kabla hujaulizwa. Na utafute cheti cha ubatizo."

Theopista alitegemea kufurahi, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa hasira. Karibu miaka hamsini! Karibu miaka hamsini amebeba mzigo ambao hakuna aliyemtwisha, isipokuwa mama aliyeogopa askari. Halafu aliyakumbuka yale mashavu yake ya miaka tisa katika viganja vya mama, na hasira ikaisha yenyewe. Mama alikuwa ameogopa kunyang'anywa mtoto. Nani angeweza kumlaumu?

Jumapili alimpigia simu baba yake mdogo, Leodegar, mzee wa miaka themanini na nne aliyebaki kihambani. Mzee alikwenda mwenyewe parokiani baada ya misa ya kwanza, kwa fimbo, akamsimamia katibu mpaka daftari la 1968 likapatikana. Picha ya ukurasa ilifika kwenye simu ya Theopista saa saba mchana. Padri wa zamani hakuwa ameambiwa cha kuficha. Aliandika alichosikia: binti wa Aloyce Silayo wa Holili, kazaliwa Taveta sokoni. Theopista alisoma maneno hayo mara nyingi, peke yake, kwa sauti ndogo. Ukweli wake ulikuwa umemngoja hapo muda wote, kwenye kabati la parokia.

"Baba mdogo, kwa nini hamkuniambia?" alimuuliza.

"Tukwambie nini? Kila mtu hapa anajua ulizaliwa sokoni. Tulidhani na wewe unajua si kitu."

Jumatatu saa tatu kasoro walikuwa kwenye benchi la ofisi: Theopista, Ismail na Najma. Ofisa aliyewaita aliitwa Rachel, mama wa makamo, sare imenyooka, uso usiotoa siri. Theopista hakungoja swali. Alisimama, akasema alizaliwa wapi, aliandika nini, nani alimwambia aandike hivyo na kwa nini, akaweka mezani picha ya daftari na barua ya mwenyekiti wa kijiji cha Holili iliyotumwa kwa simu asubuhi ile. Afande Rachel alisoma kila karatasi bila haraka, halafu akamgeukia Ismail.

"Wewe ndiye mtoa taarifa?"

"Mimi ndiye mropokaji, afande."

"Mzee, hapa hatutaniani. Unamfahamu vipi huyu mama? Sema la kweli, naandika."

Ismail alivua kofia. Theopista alijiandaa kwa mzaha, kwa kuwa hakuwahi kusikia kitu kingine kutoka kwenye kinywa kile, ukiacha ile siku ya sale.

"Mke wangu alilazwa miezi mitatu," Ismail alianza. "Huyu alimpelekea uji kila alfajiri kabla ya kufungua duka. Hakuna aliyemtuma. Siku mke wangu anakata roho, mimi nilikuwa nimetoka kutafuta dawa. Alifia mikononi mwa huyu. Akaja kwangu, yeye Mkristo, akakaa mkekani na wanawake siku tatu. Siku ya tatu akanivua kofia, akaivaa, akaigiza ninavyolia. Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, na ndiyo siku niliyoanza kula. Vitabu vya uraia sivijui, afande. Najua kwamba nikifa leo, yeye ndiye atakayekuja kunisimanga mbele ya jeneza, na wanangu wanamtegemea. Mtu wa namna hiyo akiwa mgeni, basi sijui mwenyeji ni nani."

Theopista aliinama akatazama sakafu. Miaka yote alidhani anamshukuru mtu asiyejua anashukuriwa. Kumbe Ismail naye alikuwa anashukuru, na utani ulikuwa umewaficha wote wawili.

Afande Rachel aliandika hadi mwisho wa ukurasa. Alimpa Theopista fomu ya marekebisho, akamweleza atakapoapa, akamkemea kidogo kwa fomu za zamani, kama mtu anavyomkemea dada yake. "Tutathibitisha na Rombo, kisha faili litafungwa. Nenda ukafungue duka, mama." Halafu akamtazama Ismail juu ya miwani. "Na wewe, kwenye maikrofoni uwe na akiba ya maneno."

Theopista angeweza kuishia hapo. Ismail alitaka waishie hapo, alikwisha kuagiza supu. Lakini Jumanne kamati ilikuwa inakaa kwa mara ya mwisho, na Theopista alifunga duka saa nne, akavaa gauni la kanisani, akaenda ukumbini. Alipoitwa alishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Naitwa Theopista Aloyce Silayo. Nauza zipu na uzi. Nimezaliwa Taveta, nchini Kenya, sokoni, mwaka 1968."

Ukumbi ulianza kucheka. Walidhani ni muendelezo wa Jumatano. Ismail alisimama katikati ya viti, akainua mkono. "Si utani," alisema, na watu wakanyamaza mara moja.

"Baba yangu Mtanzania, mama yangu Mtanzania, na mimi Mtanzania. Jana nimeyasema haya ofisini, nikasikilizwa, nikarudishwa dukani. Namshukuru Mungu, nawashukuru na waliokwenda nami." Alimtafuta Hamis kwa macho. "Kaka Hamis, una haki ya kulia. Anayekuja na viza ya kutembea akakaa kwenye riziki yako, ashughulikiwe. Wapo maofisa wa kazi hiyo, nimewaona, wanaijua. Mimi nauliza kifungu cha kumi na moja tu. Nimeripotiwa hapa mbele yenu, kwa mzaha, na siku tatu chakula hakikushuka. Nami nilikuwa na jina la baba. Nilikuwa na baba mdogo wa kumpigia simu, wakili juu ya duka, na mtani wa kukaa naye benchi. Sasa yule atakayeripotiwa na jirani anayemtaka ahame, hana hata mmoja kati ya hao, mmeandika wapi kwamba atasikilizwa kwanza?"

Mwenyekiti alifungua muswada. Alipekua ukurasa, akarudi nyuma, akapekua tena. Mjumbe wa kulia kwake akamsaidia kutafuta. Feni zililia.

"Haijaandikwa, mama," alisema mwishowe.

"Basi naomba iandikwe."

Vidole vya Lucky vilikimbia kwenye kompyuta. Theopista alishukuru, akarudisha maikrofoni. Alikuwa bado hajafika kwenye kiti chake Hamis aliposimama kule nyuma, mkono juu.

"Mwenyekiti, mimi muswada bado nautaka. Nautaka sana. Lakini hilo la mama, andika na jina langu chini yake. Hamis, muuza mikanda."

Bi Anifa akasimama naye, kisha mwingine, kisha safu nzima, kila mmoja akitaja jina lake na anachouza, hata Lucky akaomba wataje polepole. Theopista aliketi, mikono mapajani, akiyasikiliza yale majina moja baada ya jingine. Wengi wao hakuwahi kuwauzia hata kifungo kimoja. Alilia bila kujificha, akawa anaitikia kila jina kwa sauti ndogo: ahsante, ahsante, ahsante.